Mnyama hana uti wa mgongo? Mhesabu miguu kwanza

Watu wanaogopa hii mada ya kupanga wanyama wasio na uti wa mgongo kwa makundi, juu ya yale majina ya Kilatini, wakati kazi yenyewe unaanza na kuhesabu miguu tu. Wanyama wasio na uti wa mgongo ni zaidi ya 95% ya spishi zote za wanyama, kwa hivyo huhitaji kupanda basi mpaka mbugani, ingia shamba la matoke mvua ikishakatika, funua majani makavu na kijiti, usitumie mkono maana tandu anakaa humo na akikuuma utalia.

Miguu sita, huyo ni mdudu kamili. Novemba nsenene wakijaa sokoni nunua wachache, na kabla hujawang'oa mabawa ukawatia kwa sufuria shika mmoja umwangalie vizuri: kichwa, kifua, tumbo, na miguu yote sita imetoka kifuani. Vipapasio vyake virefu na vyembamba kama uzi, panzi wa kawaida ana vifupi, hapo ndo unawatofautisha. Sasa mguu wa mbele, chini kidogo ya goti, tafuta upenyo mwembamba. Hilo ni sikio. Ee, nsenene anasikia kwa mguu, na kupumua anapumulia vitundu vya ubavuni, mdomo wake ni wa kula tu.

Miguu minane na hana vipapasio: buibui, nge, kupe. Ila kupe akitoka tu kwenye yai ana sita, asikuchanganye. Kaa wa mtoni ana kumi ukihesabu na makucha yake.

Ikiwa mingi mpaka unachoka, wacha kuhesabu, angalia pingili moja tu, yaani kipande kimoja cha mwili. Jozi moja ya miguu kila pingili ni tandu, jozi mbili ni jongoo, huyo haumi, atajikunja tu, lakini nawa mikono maana anatoa maji yanayowasha macho.

Hana mguu hata mmoja? Mwenye pingili ni nyungunyungu. Konokono hana pingili, muweke juu ya kioo umtazame kwa chini akitembea, utaona mawimbi yanapita kwenye nyama ya tumbo, na huo ndo mguu wake. Chukua wa bustanini lakini, wale wa Ziwa Victoria na Ziwa Albert wengine wanabeba kichocho, na vijidudu vyake vinaingilia ngozi ukisimama tu majini.