Kupeleka utafiti wako kwenye shindano la wanafunzi, ukiwa Goma

Mdogo wangu, soma kanuni kwanza: idadi ya maneno, lugha, na kama jina lako linaruhusiwa kuonekana ndani ya kazi. Mara nyingi haliruhusiwi.

Kisha punguza mada. "Volkeno ya Nyiragongo" ni pana mno, utazama humo. "Namna wauza mboga wa soko la Virunga walivyopata mtaji tena baada ya mlipuko wa Mei 2021" inashikika: unakwenda sokoni, unaomba ruhusa, unawauliza wenyewe.

Muhtasari uandike mwishoni. Swali, njia, ulichokipata, basi. Majaji huanzia hapo, na wengine, nadhani, huishia hapo.

Mwalimu apitie, si binamu anayekusifu kwa kila kitu. Tuma mapema, umeme wetu unaujua.