Somo: Kupiga picha ndani ya kanisa kubwa bila kuunguza madirisha

Ukiingia kanisa kubwa, jicho linaona vyote kwa pamoja: dari lenye kiza, madhabahu, vioo vya rangi vinavyowaka jua. Kamera haina uwezo huo. Ukipimia nuru ya dari, madirisha yanaungua, yaani yanakuwa mabaka meupe. Ukipimia madirisha, nguzo zinazama gizani. Kazi yetu leo ni kuvipatanisha.

Hatua ya 1. Omba ruhusa mapema, na ibada ikianza, funga kamera. Makanisa mengi huruhusu picha lakini hukataa tripodi (stendi ya miguu mitatu). Kikanisa cha Sistina kule Vatikano hakiruhusu wageni kupiga picha kabisa.

Hatua ya 2. Kaa dakika kumi bila kushika kamera, utazame jua linaingilia wapi. Makanisa mengi ya kale ya Ulaya yamejengwa madhabahu ikiwa mashariki, kwa hiyo asubuhi nuru hutokea nyuma yake. Sagrada Família ya Barcelona ndiyo mfano niupendao: vioo vya upande wa mawio vina bluu na kijani, vya upande wa machweo vina nyekundu na rangi ya chungwa. Ukisimama palepale asubuhi na jioni, unaondoka na picha mbili zisizofanana hata kidogo.

Hatua ya 3. Simama katikati hasa ya njia kuu. Hesabu vigae kushoto na kulia ukibidi, maana kosa la kiganja kimoja litaonekana. Lenzi iwe pana, milimita 16 hadi 24, na kamera isiinamishwe wala kuinuliwa. Ndani ya Kanisa Kuu la Köln dari liko mita 43 hivi juu, na mkono unatamani sana kuinua lenzi. Ukiinua, nguzo zitaonekana zikiangukiana. Afadhali ushike kamera wima, kisha ukate sakafu iliyozidi baadaye.

Hatua ya 4. Kwenye tripodi: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi nuru), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), faili za RAW (picha ghafi, kabla kamera haijazichakata), na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Piga picha tatu bila kusogeza chochote: moja ya kipimo cha kawaida, moja stopu 2 chini, moja stopu 2 juu (kila stopu huongeza nuru maradufu au kuipunguza nusu). Ile ya giza ikuze kwenye skrini uangalie vioo. Kama rangi bado hazijatokea, shuka tena. Kivuli unaweza kukiinua kwenye kompyuta, lakini kioo kilichoungua hakirudi.

Hatua ya 5. Unganisha picha hizo kwa programu unayoizoea. Taratibu tu! Wengi huangaza kila pembe mpaka kanisa linafanana na duka. Acha giza likae mahali pake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, flashi haisaidii?*
Hapana. Nuru yake hupungua kwa mraba wa umbali: kinachofika mita 8 ni sehemu 1 kati ya 16 ya kilichofika mita 2. Utaangaza mabenchi ya mbele tu, na kuwasumbua wanaosali.

*Nimekatazwa tripodi. Nifanyeje?*
Egemea nguzo, bana viwiko mbavuni, ISO 1600 hadi 3200, shata (muda kamera inapopokea nuru) sekunde 1/15 kwa lenzi pana. Piga tano mfululizo, moja itatulia. Ukitaka dari, laza kamera chali sakafuni na utumie taima.

*Kuta zangu zinatoka njano, madirisha bluu.*
Rangi ya nuru hupimwa kwa Kelvini: mishumaa iko karibu na 2000, nuru ya mchana 5500. Huwezi kuzisawazisha zote mbili. Kwenye RAW mimi hukaa katikati, halafu napunguza bluu ya madirisha peke yake.

*Na watu wanaopitapita?*
Funga kichujio cheusi cha stopu 4 mbele ya lenzi. Shata ya sekunde 2 itakuwa ya 32, na anayetembea hataonekana. Aliyekaa akisali atabaki. Huyo msubiri mpaka ainuke mwenyewe, usimwombe asogee.