Namna ya kusafisha blaindi za dirishani kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wadau wa kusini habari zenu. Mimi ni fundi wa blaindi (zile za kufunika dirisha badala ya pazia) na madirisha ya aluminiamu, nafunga sana Shangani, Ligula, Mikindani na Lindi mjini, na swali naloulizwa kuliko yote ni hili, "fundi hizi zinafuliwaje?" Shida ni kwamba anayeuliza mara nyingi keshapitisha tambara bichi, zimebaki na michirizi ya kahawia, ndo anakumbuka kuuliza. Haya naandika yote hapa, mkae nayo kwenye simu.

Kitu cha kwanza muelewe ni kwamba huku kwetu hatupambani na vumbi peke yake, kuna chumvi. Kusi ikianza kupiga, mwezi wa tano hivi mpaka wa tisa kumi huko, upepo unatoka baharini na chumvi yake unaleta mpaka sebuleni, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani kwahiyo vumbi likitua juu yake linaganda, hata upulize halitoki. Na kama blaindi ni ya aluminiamu na rangi yake imekwaruzika mahali, chumvi inaingia hapohapo inaanza kula, utaona kama unga mweupe unatoka, hiyo haifutiki tena. Ikija kaskazi na mvua zake, joto na unyevu, sasa wenye blaindi za kitambaa ndo wanaanza kuona madoa meusi ya kuvu. Kwahiyo nyumba inayotazama bahari ratiba yake haiwezi kuwa sawa na ya mtu wa Masasi.

Ijue blaindi yako. Kuna zile za kulala, vipande vyembamba vya aluminiamu au vipana vya plastiki iliyotengenezwa kama mbao, na wachache wana za mbao kweli. Kuna za kusimama, za kitambaa, ambazo zilikuwa za maofisini sasa kila nyumba mpya zimo. Kuna za kuviringisha, rola, pamoja na ndugu zake zebra, zile zenye mistari mizito na myepesi kwa zamu. Ukishindwa kujua kama yako ni mbao au plastiki chungulia kwenye kale katundu kamba inapopita: mbao utaona nyuzi zake, plastiki ndani ni rangi moja tu. Mbao usiiloweke kabisa, ile ni brashi kavu na kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone, basi.

Vifaa havina gharama: brashi mpya laini ya kupakia rangi (ya inchi tatu inatosha), soksi kuukuu za pamba, fulana iliyochoka, beseni mbili, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Steeluli (nyuzi za chuma za kusugulia) weka mbali, na magadi soda weka mbali zaidi. Najua magadi yanatoa mafuta jikoni vizuri sana ila aluminiamu na magadi haviivani, yanaifubaza na kuila. Jik nayo inafanya plastiki kuwa ya njano na kamba zinachoka mapema, na kama utatumia siki kwa ajili ya kuvu basi Jik isiwe karibu kabisa, ukichanganya hivyo viwili inatoka gesi ya klorini na hiyo inaumiza mapafu kweli, sio mchezo.

Hatua ya 1: anza na wavu wa mbu

Watu wengi wanaruka hapa, alafu wanalalamika blaindi inachafuka baada ya siku mbili. Vumbi lote la barabarani limekaa kwenye wavu, upepo ukipiga linapepetwa linaingia ndani moja kwa moja kwenye blaindi. Pandisha blaindi juu, au za kusimama zisukume pembeni, toa fremu ya wavu kama inatoka, ipeleke nje uimwagie maji na sabuni, sugua taratibu na brashi. Kama haitoki ifute hapohapo pande zote mbili. Alafu kioo na ile njia dirisha linapoteleza, mle mna mchanga wa kutosha kupanda mchicha.

Hatua ya 2: vumbi litoke kikavu

Hapa ndo penyewe. Shusha blaindi yote, geuza vipande vifunge vielekee upande mmoja, pitisha brashi kavu kuanzia juu kushuka chini, alafu geuza vielekee upande wa pili, rudia. Ukiwa na mashine ya kunyonya vumbi yenye kichwa cha brashi ni raha zaidi. Kwa blaindi za kulala shika kipande katikati, mkono mwingine unasafisha kutoka hapo kwenda pembeni, maana vipande vya aluminiamu vikikunjika vinabaki na alama ya kudumu, na usivute vile vikamba vyembamba vinavyoshikilia vipande, vikikatika unahangaika bure. Usiguse maji mpaka brashi itoke haina vumbi. Ukiwahi maji unatengeneza tope, na tope ndo hiyo michirizi.

Hatua ya 3: maji, lakini kidogo

Maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni kwenye beseni moja, beseni la pili maji matupu. Vaa soksi mkononi, chovya, kamua, alafu bana kipande katikati ya vidole upitishe, juu na chini vinasafishika kwa mpigo mmoja. Soksi ikichafuka geuza upande, ikichafuka tena suuza. Rudia na soksi nyingine yenye maji matupu ili sabuni na chumvi vitoke, halafu malizia na fulana kavu. Kwa nyumba za karibu na bahari hiyo suuza ya mwisho msiiruke, chumvi inatoka kwa maji tu, brashi haiiwezi. Na kama maji ya kisima chenu ni ya chumvichumvi tafuta ya bomba au ya mvua kwa kusuuzia, la sivyo unatoa chumvi ya bahari unaweka ya kisima.

Za jikoni zenye mafuta ya kukaangia samaki na moshi wa mkaa hizo soksi haitoshi. Zishushe: bisibisi, fungua vishikizo vya pembeni, zitoe na reli yake. Loweka vipande kwenye karai kubwa robo saa au zaidi kidogo, maji ya moto ya kuvumilika na mkono na sabuni ya vyombo, ila reli yenye mashine ya kugeuzia ibaki nje ya maji. Anika kivulini, usilaze juu ya bati au sakafu yenye jua kali maana plastiki inapinda. Na msimu wa korosho msianike chini ya mkorosho jamani, maji ya bibo yakidondokea kitambaa hilo doa utazeeka nalo.

Hatua ya 4: za kusimama za kitambaa

Hizi zina utaratibu wake. Anza chini, chomoa mnyororo wa shanga unaounganisha vipande. Geuza vipande viwe wazi, kisha chukua kadi ngumu ya plastiki, hata ya benki iliyoisha muda, ipenyeze kati ya kipande na ndoano yake pale juu, kipande kinatoka chenyewe. Ukivuta kwa nguvu ndoano inakatika. Chini kila kipande kina kizito ndani ya mfuko, kitoe, kwa sababu vingi ni chuma kilichovalishwa plastiki na plastiki ikishapasuka kutu inahamia kwenye kitambaa. Doa la kutu kwenye kitambaa cheupe mimi sijaona aliyelitoa likaisha.

Viringisha kila kipande kilegevu kama mkeka, panga kwenye beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, viache nusu saa, suuza mpaka povu liishe. Usikamue, usisugue, usikunje, na mashine ya kufulia usiisogelee: kitambaa hiki kimekaushwa na dawa ya kukifanya kigumu, mkunjo ukiingia hautoki hata kwa pasi. Madoa ya kuvu futa na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza upande wa nyuma uone rangi haitoki. Zile zenye mpira nyuma za kuzuia mwanga haziloweki, ni kufuta tu.

Zirudishe juu zikiwa na unyevu kidogo, dirisha wazi, zinajinyoosha zenyewe. Vizito vilivyopasuka plastiki subiri kitambaa kikauke kabisa ndo uvirudishe, au nunua vipya.

Hatua ya 5: rola

Ishushe yote, brashi, kitambaa chenye unyevu mbele na nyuma, iache ikiwa imeshuka mpaka ikauke. Ukiipandisha mbichi umefungia kuvu ndani. Rola ikianza kupanda upande, kwanza angalia kama vishikizo vyake viko sawa. Kama viko sawa na bado inakimbilia kushoto, bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye bomba linaloviringishia kitambaa, upande wa kulia, chini ya kitambaa, itarudi katikati. Ikikimbilia kulia, fanya kinyume.

Hatua ya 6: reli na kamba

Reli futa vumbi, alafu ikiwa inakwama puliza spreyi ya silikoni kidogo. Mafuta ya kupikia na oili ya pikipiki hapana, vinashika vumbi na chumvi, mwezi mmoja mbele itakuwa imeganda kabisa.

Kamba zenye kitanzi na minyororo ya shanga, kama una mtoto mdogo, zifunge juu kwenye kishikio cha ukutani, mita moja na nusu kutoka sakafuni kwenda juu, na kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha. Mtoto akiingiza shingo kwenye kitanzi hana sauti ya kukuita. Kishikio ni kitu kidogo sana, fundi anayekufungia mwambie aweke hapohapo kabla hajakusanya vyombo vyake.

Kuhusu mara ngapi: brashi kavu kila wiki kusi ikiwa inapiga kama dirisha linatazama bahari, kwa wengine hata kila wiki mbili. Maji, mara moja kusi ikiisha na mara moja mvua zikiisha. Jikoni ni kila ukiona kidole kinanata.