Kapu lisipotee njiani: kupitisha data kati ya kurasa kwenye Flask

Mteja kachagua kilo tano za dagaa, kabonyeza Endelea, na ukurasa wa pili unamuuliza anataka bidhaa gani. Programu hiyo nilimwandikia kwa Flask (zana ya Python ya kutengeneza tovuti) mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, na kosa lilikuwa langu: nilidhani seva inakumbuka. Haikumbuki. Kwenye HTTP, yaani lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, kila ombi huja kama mgeni asiyejulikana, na usipompa kitu cha kushika atafika mikono mitupu.

Hatua ya 1: namba ya bidhaa ipite kwenye anwani

```
@app.route("/bidhaa/<int:namba>")
def bidhaa(namba):
    b = tafuta(namba) or abort(404)
    return render_template("bidhaa.html", b=b)
```

`tafuta` ni funksheni yako ya kusoma hifadhidata. Kwenye tempuleti linki iandike kwa `url_for('bidhaa', namba=b.namba)`. Mteja akiituma WhatsApp kwa dada yake Dodoma, itafunguka vilevile.

Bei usiipitishe. Mimi niliweka `?bei=25000` ili nisirudi kwenye hifadhidata mara ya pili, basi mjanja mmoja akafuta sifuri mbili. Mama akanipigia: "Mwanangu, hivi dagaa wangu umeanza kuwagawa?" Kilo kwa shilingi 250! Na usidhani kuificha kwenye fomu kwa `type="hidden"` ni dawa; anayejua kufungua msimbo wa ukurasa ataiona na kuibadilisha. Pitisha namba tu, bei isome upya kila mara.

Hatua ya 2: kapu likae kwenye sesheni

```
@app.post("/kapu/<int:namba>")
def ongeza(namba):
    tafuta(namba) or abort(404)
    kilo = request.form.get("kilo", type=int)
    if not kilo or kilo < 1:
        return redirect(url_for("bidhaa", namba=namba))
    kapu = session.get("kapu", {})
    kapu[str(namba)] = kilo
    session["kapu"] = kapu
    return redirect(url_for("ona_kapu"))
```

`ona_kapu` ni funksheni yako ya kuonyesha kapu. Mistari miwili hapo ilininyima usingizi. Wa kwanza ni ule wenye `str(namba)`. Sesheni, yaani kumbukumbu ya mteja kati ya ombi moja na jingine, huhifadhiwa kama JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi), na JSON hugeuza funguo zote kuwa maandishi: unaweka 7, ombi linalofuata unaikuta "7", ukitafuta 7 hupati kitu. Wa pili ni `session["kapu"] = kapu`. Ukibadilisha kilicho ndani ya kapu bila kulirudisha, Flask haioni badiliko, kwa hiyo haihifadhi. Kilo ulizoongeza zinayeyuka, na hakuna kosa lolote linaloonekana kwenye logi.

Sesheni ya Flask yenyewe ni kuki, kipande kidogo cha data kinachotunzwa na kivinjari, iliyomo kwenye simu ya mteja. Imetiwa saini, haijafichwa: hawezi kuibadilisha, ila kuisoma anaweza. Nywila isiingie humo. Ukubwa nao una mpaka, kama baiti 4096, kwa hiyo weka namba na kilo, picha na maelezo yabaki kwenye hifadhidata.

Saini hutokana na `app.secret_key`. Itengeneze mara moja kwa `secrets.token_hex()`, uitunze nje ya msimbo. Mimi niliiacha ijitengeneze kila seva inapowaka. Umeme ukikatika ukarudi, makapu yote matupu.

Hatua ya 3: baada ya kuhifadhi oda, muelekeze kwingine

Usimwonyeshe "Asante" palepale kwenye jibu la POST, yaani ombi linalotuma fomu. Mtandao ukisuasua, mtu atarifreshi, na oda inaingia mara mbili. Hifadhi, futa kapu, kisha mpeleke:

```
session.pop("kapu", None)
flash("Oda imepokelewa")
return redirect(url_for("asante"))
```

Ujumbe wa `flash` unakaa hadi ukurasa wa asante uusome kwa `get_flashed_messages()`, kisha unatoweka. Hii haimzuii mwenye kubonyeza kitufe mara mbili kabla jibu halijarudi. Huyo mtengenezee tokeni (alama ya kipekee) ya oda isiyotumika zaidi ya mara moja.

Kujaribu

Weka kilo tano, zima seva, iwashe, rifreshi: kilo zibaki tano. Jaza kilo hasi uone kama inakurudisha. Kisha fungua anwani `/bidhaa/9999`, bidhaa isiyokuwepo. Ukipata 500 (hitilafu ya seva) badala ya 404 (haipatikani), rudi hatua ya kwanza.