Kabla ya Kupandisha Bendera Desemba 9

Wiki moja kabla ya Siku ya Uhuru, itoe bendera ya Tanzania kabatini uikunjue mwangani. Jua huila bluu hadi inakaribia kijivu, na upepo huanza kuchana pindo la upande wa nje. Iliyofikia hapo isipandishwe. Heri mlingoti mtupu.

Ukishonesha mpya, usimwachie fundi akisie. Kijani kinakaa juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa nje, na mkanda mweusi unapanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kingo zote mbili za mkanda zina mstari mwembamba wa manjano, na mistari hii ndiyo husahaulika au kushonwa minene mno. Vipimo ni 3 kwa 2. Angalia pia vitanzi vya kamba viko upande gani, kwani vikikosewa bendera itapanda kichwa chini. Ukiona bluu iko juu, ishushe hapohapo.

Jaribu kamba na kapi siku moja kabla. Mlingoti uliokaa miezi bila kazi hupenda kukwama, na bendera ikigoma katikati watu wataanza kuulizana nani amefariki.

Sasa panga zamu. Asubuhi hakosekani wa kupandisha, maana kuna wageni na kamera. Shida ni kuishusha saa 12 jioni, pilau imeshaliwa na kila mtu ameondoka. Mpe kazi hiyo mtu kwa jina, mlinzi hasa, na umfundishe kwamba haiburuzwi chini. Kama jirani kuna kituo cha polisi, filimbi yao itamkumbusha: ikilia, wapita njia husimama hadi bendera ishuke.

Wenye maduka na wachapaji wa fulana, hapa msifanye mzaha. Sheria ya Nembo za Taifa inadhibiti matumizi ya bendera na ile ngao ya Bibi na Bwana, yaani nembo ya taifa, kibiashara, kwa hiyo kibali kitangulie mashine. Bendera ya kwenye boneti nayo waachieni viongozi, akina mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya.

Kwa Zanzibar, mkijiandaa na Mapinduzi ya Januari 12, bendera ya huko yenye bluu, nyeusi na kijani ina bendera ndogo ya Muungano kwenye kona ya juu karibu na mlingoti. Kagueni na hiyo ndogo, maana nayo hugeuzwa.