Sufuria ya Mbwa Mnene: Kumpunguza Uzito kwa Chakula cha Nyumbani

Nikiitwa kumtazama mbwa wa ulinzi anayehema kabla hajafika getini, jambo la kwanza naomba nioneshwe sufuria yake. Mara nyingi ni ugali wa unga nusu kilo, mchuzi wa jana wenye mafuta, na mifupa. Unga huo peke yake una kalori zipatazo 1,800. Mbwa aliyehasiwa, mwenye umbo la kilo 30 na anayeshinda bandani, anatosheka na 1,200 hivi kwa siku. Ziada yote inageuka mafuta, na mafuta hayo yanaumiza viungo, yanabana pumzi na kumfanya ateseke na joto.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha huo ni unene kweli. Pitisha viganja ubavuni: mbavu za mbwa mwenye afya zinahesabika kwa vidole bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kinaonekana. Mbwa mwenye tumbo kubwa huku mbavu zimetokeza huenda ana minyoo au maji tumboni, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wa mbwa wasipunguziwe chakula kabisa.

Kisha mpime. Mbwa mdogo mbebe ukiwa juu ya mizani ya bafuni, halafu utoe uzito wako. Mkubwa mpeleke kwenye mizani ya magunia au kituo cha mifugo. Andika namba ukutani jikoni, kwa sababu bila namba huruma ndiyo itakayopima chakula.

Tuchukue mbwa wa kilo 36 aliyepaswa kuwa na 30. Lengo ni kalori kama 850 kwa siku, na mlo huu unafikia hapo: gramu 250 za kuku aliyechemshwa bila ngozi, au gramu 350 za mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa, gramu 30 za dagaa wakavu, ugali wa dona gramu 150, yaani donge la ngumi moja, boga lililochemshwa gramu 300, mchicha gramu 150, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Sahani itaonekana imejaa kuliko ile ya zamani, na hiyo ndiyo kazi ya boga na mchicha: tumbo linajaa kalori zikiwa chache. Nyama usiipunguze, maana mbwa anayepungua bila protini ya kutosha anapoteza misuli pamoja na mafuta.

Mapafu nayapendekeza sana kwa sababu ni rahisi kwa bei na hayana mafuta mengi, lakini yachemshwe angalau dakika 30 tangu maji yaanze kutokota. Yanaelea, kwa hiyo yakate vipande vidogo na uyagandamize kwa mfuniko mzito. Mapafu na maini mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo tegu. Mbwa akiyala, mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake na kuwaambukiza watu wa nyumbani. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umewatesa wafugaji kwa muda mrefu.

Dagaa wa Mwanza waoshe mchanga kwanza, na wale waliotiwa chumvi waache. Unga nao uunuse. Watu wengi huwapa mbwa unga uliovunda kwa kuwa hauwafai binadamu, wakati mbwa ni dhaifu mno mbele ya sumukuvu na ini lake huharibika haraka. Unga usiofaa kwako haumfai na yeye.

Madini ndiyo sehemu inayosahaulika. Saga maganda ya mayai yaliyooshwa na kukaushwa yawe laini kama unga, umtilie nusu kijiko cha chai kwa siku kwa ajili ya kalsiamu. Hayo hayatoshi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, na asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja. Kwa hiyo ununue pia mchanganyiko wa vitamini na madini wa mbwa kwenye duka la dawa za mifugo, na daktari akupimie kiasi. Ule wa ng'ombe au kuku usiutumie.

Vitunguu maji, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti na makadamia ni sumu kwake. Ndiyo maana mchuzi wa familia haufai hata ukiwa hauna mafuta. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Mlo mpya uingize polepole kwa siku 7, ukiongeza mpya na kupunguza wa zamani, asije akaharisha. Hapo ndipo panapokuja kazi ngumu: kukaa na watu wote wa nyumbani, mlinzi na watoto pia. Baba anatupa kipande cha chapati, mtoto anaacha nusu ya uji, mlinzi anamgawia wali wake. Kila mmoja anatoa kwa mapenzi, na mapenzi hayo yanafuta kazi ya wiki nzima. Atakayetaka kumpa kitu ampe kipande cha karoti au tango.

Mtembeze alfajiri au magharibi jua likiwa limepoa, dakika 15 kwanza, ukiongeza kadiri pumzi inavyoruhusu.

Mpime kila wiki. Kupungua gramu 360 hadi 720 kwa wiki kwa mbwa huyu wa kilo 36 ni mwendo mzuri, na kilo 6 zitaondoka kwa miezi miwili hadi minne. Akipungua kwa kasi zaidi, mwongezee chakula kidogo. Asipopungua kabisa kwa wiki nne na una hakika hakuna anayemlisha pembeni, daktari amchukue damu apime tezi ya shingoni, kwani ikilegea mbwa hunenepa hata kwa chakula kidogo. Akifika kilo 30, ongeza mlo kwa sehemu moja ya kumi kila wiki mbili mpaka mizani isimame.