Umilikaji katika Kihungaria: Anza na Kitu, si na Mwenyewe

Anayejua Kiswahili ana mlango wa kuingilia katika jambo hili: mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Mmiliki amebandikwa mwishoni mwa nomino yenyewe, na Kihungaria hufanya hivyo kwa nomino zote.

Hatua ya 1: Tazama irabu za nomino, kwa kuwa kiambishi hufuatana nazo. Ház, yaani nyumba, ina irabu ya nyuma (inayotamkwa sehemu ya nyuma ya kinywa), hivyo tunapata házam, házad, háza, házunk, házatok, házuk (yangu, yako, yake, yetu, yenu, yao). Kert, yaani bustani, ina irabu ya mbele (inayotamkwa sehemu ya mbele ya kinywa): kertem, kerted, kertje, kertünk, kertetek, kertjük. Ile j ya nafsi ya tatu ndiyo inayosumbua. Nomino inayoishia kwa irabu kwa kawaida huichukua (alma, tofaa, huwa almája), lakini baada ya konsonanti hakuna kanuni ya kutegemea. Nashauri kila nomino ikaririwe pamoja na umbo lake la nafsi ya tatu.

Hatua ya 2: Mmiliki akitajwa kwa jina, hutangulia: Péter háza, au kwa mkazo zaidi, Péternek a háza (a, au az mbele ya irabu, ni kama “the” ya Kiingereza). Kiwakilishi huongezwa pale tu unapotaka kusisitiza, kama én (mimi) katika az én házam, kwani a házam inatosha. Angalia sana wingi: “nyumba yao” ni az ő házuk, ambapo kiwakilishi ő (yeye) hubaki katika umoja, ilhali “nyumba ya wavulana” ni a fiúk háza, ambapo kiambishi ndicho kinachobaki katika umoja.

Hatua ya 3: Vitu vikiwa vingi, usitumie -k ya wingi wa kawaida (házak), bali -i-: házaim, nyumba zangu.

Hatua ya 4: Kihungaria hakina kitenzi cha “kuwa na”. Husemwa kwamba kitu cha fulani kipo au hakipo: van könyvem, nina kitabu, nincs könyvem, sina kitabu, Péternek van könyve, Péter ana kitabu. Wanafunzi wengi hukumbuka -nek ya mmiliki wakasahau kiambishi cha kitu, wakaandika “Péternek van könyv”, sentensi ambayo si sahihi.

Hatua ya 5: Viambishi vya mahali huja mwisho kabisa. Házaimban hugawanyika hivi: ház-ai-m-ban, “katika nyumba zangu”.